Mfuko Wenye Uso wa Tamam

Annelies, mwendesha mafunzo, alilia saa nne na robo asubuhi, siku ya tatu, mbele ya waandishi wa habari na wachora katuni kumi na wanane waliokusanywa katika hoteli moja ya Amman kutoka nchi saba za Kiarabu. Alilia kistaarabu, chozi moja kwa kila jicho, akayafuta kwa karatasi laini ya hoteli, kisha akasema, "Hii! Hii ndiyo sababu tumetoka Ubelgiji kuja hapa."

Kilichomliza kilikuwa katuni iliyobandikwa ukutani. Mwanamke wa makamo ameketi mbele ya sinia la mansafu, wali na nyama ya kondoo vikiogelea katika mchuzi wa maziwa ya mgando. Ndugu yake mmoja anamlisha tonge kubwa kuliko kinywa chake. Ndugu wa pili ameushika mkono wake na kuuongoza kutia saini karatasi iliyoandikwa: "Mimi, kwa hiari yangu, nimewaachia kaka zangu urithi wangu." Mashavu ya mwanamke yamevimba. Hawezi kusema ndiyo wala hapana, maana kinywa kimejaa.

Mchoraji wake, Ratib, mtu wa miaka arubaini na minne ambaye gazeti lake la Irbid humchapisha chini ya utabiri wa nyota, alisimama kando ya kazi yake, mkono kifuani.

"Umeitoa wapi?" Annelies alimuuliza.

"Moyoni," Ratib alijibu.

Zoezi la siku hiyo lilisema: chora tatizo la kijamii lililomo ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mmisri alichora nyumba ya jirani yake. Mlebanoni alichora bunge. Mwiraki alichora mke wa kaka yake. Watu wazima hao, wenye akili zao, walijua kwamba swali la namna hiyo hujibiwa kwa kuelekeza kidole dirishani. Ni Ratib peke yake aliyefuata maagizo, na hata yeye hakukusudia.

Emna, binti mchora katuni kutoka Sfax, aliisogelea picha akaitazama kwa muda, kalamu ikiwa imechomekwa kwenye nywele zake.

"Kaka Ratib, una dada?"

"Ninaye mmoja."

"Na baba yenu yu hai?"

"Mungu amrehemu. Kafariki majuzi."

"Basi dada alipewa fungu lake?"

"Sisi," alisema Ratib, akiukung'uta mkono wa koti lake lisilo na vumbi, "ni familia ya watu waliosoma."

Kufikia saa sita mchana katuni ilikuwa imeteuliwa kuwa nembo ya mafunzo yote. Ingechapishwa kwenye mifuko ya kitambaa, na Ratib akaahidiwa miezi mitatu mjini Ghent, Ubelgiji, kwa jina la kubadilishana utamaduni, chumba na chakula bure. Ilibaki ziara ya Ijumaa tu. Ratiba ilisema wageni wale chakula cha mchana katika nyumba halisi ya mshiriki mmoja. Mkono wa Ratib ulikuwa juu kabla Annelies hajamaliza sentensi.

*

"Nyumba halisi ndiyo ipi?" mkewe Khitam alimuuliza jioni ile, nyumbani kwao Irbid. "Hii ya ghorofa ya nne isiyo na lifti? Yule mzungu atatufia kwenye ngazi."

"Nitawapeleka kijijini, kwa marehemu baba. Wanataka ukuta wa mawe. Wanataka mizeituni."

"Na mpishi?"

"Tamam."

Khitam alicheka mpaka akaweka chini kisu cha vitunguu. "Yaani wifi yangu awapikie mansafu Ijumaa, na Jumapili umpeleke mahakamani akatie saini. Baba Yazan, wewe huna aibu, na ndiyo maana tutafika mbali."

Baba yao alikuwa amekufa miezi mitatu kasoro siku chache iliyopita. Sheria ya nchi hairuhusu mwanamke kusajili karatasi ya kuachia urithi kabla miezi mitatu haijapita tangu mazishi. Waliotunga sheria walidhani machozi yakikauka, akili hurejea. Ratib na kaka yake Muflih walikuwa wakihesabu siku hizo kama wafungwa. Shamba la mizeituni lilikuwa dunamu kumi na tano, yapata ekari nne, na za Tamam zilikuwa tatu, katikati, pamoja na nyumba ya mawe alimomuuguza mzee kwa miaka tisa. Mnunuzi alitaka kujenga ukumbi wa harusi, na alilitaka shamba zima. Ukumbi wa harusi hauwezi kuwa na mwanamke asiyeolewa katikati yake, akianika nguo. Kwa hiyo Tamam angepewa dinari mia tano na chumba kwa Muflih, kile kinachokaa mashine ya kufulia.

Ratib alimwonyesha mkewe katuni kwenye simu. Khitam akaivuta ikawa kubwa, akaacha kucheka.

"Umemchora Tamam."

"Si Tamam. Ni mwanamke wa Kiarabu kwa jumla."

"Mwanamke wa Kiarabu kwa jumla hufunga miwani yake kwa uzi wa sufu wa kijani?"

Ratib aliitazama picha. Alikuwa hajauona uzi ule, ingawa aliuchora mwenyewe. Wala hakuwa ameliona pengo la jino la mbele, wala kiraka cha kiwiko. Alikuwa ameamrishwa achore haraka, dakika ishirini, na mkono wa mchoraji mwenye haraka huchota palipo karibu.

"Hataiona," alisema. "Itabaki kwenye mifuko yao huko kwao."

"Mifuko yao wataiacha wapi Ijumaa?"

"Mama Yazan, kata vitunguu."

*

Ijumaa, baada ya sala, wageni wanane waliteremka kwenye gari la kukodi. Annelies alishika mzeituni wa kwanza kama mtu anayemkumbatia bibi yake.

"Miti ya tangu lini?"

"Babu wa babu," alisema Ratib kwa sauti ya maziko. "Sisi na miti hii ni kitu kimoja."

"Na hii alama nyekundu kwenye kila shina?"

Ilikuwa rangi ya fundi wa mnunuzi, aliyekuja Jumanne kuhesabu miti ya kung'oa. Ratib alitafakari kidogo.

"Ni utamaduni," alisema.

Annelies akaandika kwenye daftari.

Mlangoni alisimama Muflih, kaka mkubwa, amevaa joho lake la kahawia lenye mapindo ya dhahabu, lile la kuongozea ujumbe. Katika wilaya nzima, ukiua mtu kwa gari au ukitaka mke katika ukoo wenye kiburi, unamtafuta Muflih. Huwatangulia wazee thelathini mpaka kwa wenyeji, huketi, huletewa kahawa, huiweka chini asiionje. Hatii kinywani mpaka alichokijia kikubaliwe. Mwenyeji anayeacha kikombe cha mgeni wake kipoe hutajwa kwa ubaya mpaka kwa wajukuu. Kwa kikombe hicho Muflih alikuwa amekomboa damu, amerudisha wake waliokimbia, amepata na kura za baraza la mji.

Leo alimimina mwenyewe, dele la kahawa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Annelies alikunywa, akarudisha kikombe. Muflih akakijaza. Akanywa, akarudisha. Kikajazwa. Cha tano mikono ilikuwa inamtetemeka, macho yamemtoka.

"Kitikise, dada," Emna alimnong'oneza. "Usipokitikisa, maana yake unataka kingine."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilidhani Ratib alifundisha. Si ndiye mwalimu wetu wa utamaduni?"

Sinia lilipoletwa, wanaume wawili wakilibeba, Annelies alichota, akala, akafumba macho. Kisha akauliza swali ambalo watu wa namna yake huuliza kila mahali, na ambalo Ratib alipaswa kulitarajia.

"Aliyepika yuko wapi?"

"Jikoni. Anaona haya," alisema Ratib.

"Lakini jana tumezungumza siku nzima juu ya wanawake kutengwa! Aje akae nasi. Tafadhali."

Muflih alimtazama Ratib. Ratib aliutazama wali. Emna alikuwa ameshanyanyuka, na sauti yake ikasikika ukumbini: "Shangazi! Shangazi, njoo, mikono yako ibarikiwe, wanakutaka huku!"

Tamam akaja, akijifuta mikono kwenye nguo yake nyeusi ya nakshi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye jasho kwapani la mtu aliyeamka kabla ya adhana kuchemsha maziwa, akiyakoroga bila kuacha yasije yakakatika. Aliwakaribisha wote. Alipofika kwa Annelies, akauona mfuko wake wa mafunzo ulioegemezwa ukutani, wima kama picha ya harusi.

Aliinama. Akaisogeza miwani yake. Uzi wa kijani ulining'inia sikioni.

"Huyu nani?"

Khitam, aliyekuwa amebeba maji ya kunawa, aligeuka akarudi nayo alikotoka.

"Ni katuni ya kaka yako, shangazi," alisema Emna polepole. "Imeshinda."

"Imeshinda nini?"

"Zawadi. Inamwonyesha mwanamke anayenyang'anywa urithi na kaka zake."

"Na hiki anacholishwa?"

"Mansafu."

Tamam alilitazama sinia la kwenye mfuko, kisha sinia la sakafuni, kisha kwa haki kabisa akasema, "Mchuzi umemshinda kuchora. Wa kwangu ni mzito."

Watu walicheka. Ratib alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Annelies alimwangalia Tamam, akauangalia mfuko, akamwangalia tena Tamam, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu, kama taa ya barabarani.

*

Baada ya kunawa, Muflih alishika dele tena, kwa kuwa mikono ya mtu aliyebabaika hutafuta kazi inayoijua. Alimwaga kwa wageni mmoja mmoja. Alipomfikia Tamam aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alitaka kumpita, lakini wageni wanane walikuwa wakitazama. Akammiminia.

Tamam alipokea kwa mkono wa kulia. Alikishika kikombe mpaka joto likamfika vidoleni. Kisha akakiweka sakafuni mbele yake, akakunja mikono mapajani.

Mashavu ya Muflih yaliingia ndani.

"Kunywa kahawa, dada."

"Sinywi."

"Acha mchezo, Tamam. Kahawa inapoa."

"Ndiyo. Inapoa."

"Hayo ni mambo ya wanaume. Huendewa kwa ujumbe."

"Nimekosa wanaume thelathini wa kunitangulia, Baba Raidi. Walio wangu ni wawili, nao ndio ninaowajia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuuliza bei ya bamia. "Baba alikuwa akiongoza ujumbe kabla yako. Joho hilo ni lake. Nani alimfulia, nani alimkaangia kahawa? Nimekaa nyuma ya pazia hilo miaka arubaini nikisikia vikombe vikiwekwa chini. Nilijifunza bila mwalimu wa kutoka Ubelgiji."

"Anasema nini?" Annelies alimuuliza Ratib, simu mkononi tayari. "Ni tambiko?"

"Anasema," Ratib alijibu kwa Kiingereza, jasho likimtoka, "kwamba anamkumbuka sana marehemu baba."

"Hakusema hivyo," Emna alisema, kwa Kiingereza kizuri kuliko cha Ratib. "Anasema hatakunywa mpaka apewe haki yake. Na nadhani haki yenyewe ndiyo hiyo uliyoiegemeza ukutani."

Annelies alishusha simu. Kisha, Mungu amsamehe, uso ukamng'aa. "Ratib! Umetuandalia igizo?"

Mmisri, mwandishi wa habari za mahakama kwa miaka kumi na tisa, aliikohoa kahawa iliyompalia. "Bibi," alisema, "igizo halina mtu anayetoka jasho namna hii."

"Sema unachotaka," Muflih alinguruma.

"Jumapili siendi mahakamani. Nyumba hii na dunamu zangu tatu vibaki kwa jina langu. Na rangi nyekundu ifutwe kwenye miti yangu. Iliyobaki iuzeni, ijengeni, ichezeeni ngoma."

"Mnunuzi anataka yote!"

"Basi mwolewe na mnunuzi."

"Mambo ya nyumbani hayasemwi mbele ya wageni!"

"Wageni ndio wameingia nayo, kaka. Hebu hesabu. Mifuko minane."

Muflih alitazama. Palikuwa na mfuko kando ya kila mgeni. Nyuso nane za dada yake zilikuwa zinamtazama, mashavu yamevimba, na katika kila mfuko kulikuwa na ndugu mkubwa aliyevaa joho la mapindo ya dhahabu. Hakuwa ameiona picha ile mpaka sasa. Alimgeukia Ratib.

"Umenichora mimi?"

"Ni mwanamume wa Kiarabu kwa jumla," alisema Ratib.

"Mwanamume wa Kiarabu kwa jumla ana chunjua yangu puani?"

Mvuke juu ya kikombe cha Tamam ulikuwa umekwisha. Yeye hakukitazama. Alikuwa akiwatazama kaka zake, zamu kwa zamu, kama mtu aliyeweka maziwa motoni.

"Alhamisi unaongoza ujumbe, Baba Raidi. Nimesikia msikitini. Wazee hamsini, magari ishirini, kwenda kwa watu wenye kisasi. Utaweka kikombe chako chini na kusema, sinywi. Wakikuuliza, na kile cha kwa baba yako ulichoacha kikapoa, utawajibuje?"

"Nani atawaambia?"

Tamam aligeuza kichwa kwa Mmisri. "Mwanangu, wewe kazi yako nini?"

"Mwandishi wa habari, mama."

"Na huyo?"

"Mwandishi pia. Sote, mama. Tumefundishwa siku nne mfululizo jinsi ya kuandika mambo kama haya. Tulikuwa tumekosa jambo tu."

Ratib ndiye aliyevunjika kwanza. Alipiga hesabu upande mmoja, ghorofa yenye lifti kwa fedha za shamba; akapiga upande wa pili, Ghent, chumba na chakula, na jina lake kwenye bango. Annelies alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya saa nne na robo, ila sasa yalikuwa makavu. Ratib aliuweka mkono kifuani, palepale alipouweka siku ya ushindi.

"Kunywa kahawa yako, dada. Ulilolijia umelipata."

Wageni walipiga makofi. Tamam hakugusa kikombe.

"Ni kaka wawili," alisema.

Muflih alivuta joho, akalifunga, akalifungua. Alimtazama mdogo wake mchoraji kwa chuki ambayo ingempeleka mbali kuliko Ghent. Kisha akatamka, kila neno kama jino linalong'olewa:

"Kunywa. Ulilolijia, umelipata."

"Andikeni."

"Neno la kahawa haliandikwi!"

"Lako haliandikwi. La Ratib liandikwe, maana yeye hodari wa kuchora." Tamam aliinua mfuko wa Annelies, akauweka mbele ya kaka yake, na kumwelekezea nafasi tupu chini ya picha. Emna akachomoa kalamu nywelini. Ratib akaandika, kwa hati yake nzuri ya magazetini, kwamba Tamam ana nyumba na dunamu tatu na hataombwa saini tena. Akatia saini yake, ile ile aliyokuwa ameitia pembeni mwa katuni. Muflih akatia ya pili. Hakimu angeucheka mfuko huo, lakini Tamam hakuwa na haja ya hakimu. Yeye alihitaji kutosaini tu, na mfuko wa kwendea nao sokoni.

Hapo Annelies alimsogelea kwa magoti, machozi yamerejea, na karatasi mkononi.

"Emna, mwambie ni mwanamke shujaa. Na tungependa kutumia picha yake huko kwetu, katika maonyesho. Ni fomu ndogo tu. Atie saini hapa, kwamba ameturuhusu kwa hiari yake."

Emna alitafsiri, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Tamam alitazama karatasi. Pengo la jino likaonekana, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mwambie karatasi zao na zetu zina mama mmoja. Zote huanza na hiari yangu." Akaukunja mfuko mara mbili, akaukalia. "Na huu nimebaki nao."

Kisha akanyanyua kikombe. Kahawa ilikuwa baridi na chungu, machicha yametulia chini. Aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, na chumba kizima kikasikia ikipita kooni.

Muflih alinyoosha mkono akichukue, yaishe.

Tamam alimpa kikombe. Hakukitikisa.

Muflih alisimama na kikombe mkono wa kulia, dele mkono wa kushoto, joho la baba yao likiburuzika nyuma. Alingoja. Dada yake alimtazama tu, mikono mapajani. Basi akainamisha dele, akammiminia tena.